Rangi ya Ottilia

Ukitaka ugomvi na Mzee Nazari, we mwambie tu kwamba picha yake ni nzuri. Atakukodolea macho, ataifuta kalamu yake kwa kitambaa, na utaondoka pale kwake hujui umekosea nini. Nazari hakutaka nzuri. Alitaka uangalie samaki aliyelala kwenye ungo, uangalie na samaki aliyelala kwenye karatasi, halafu useme, ndiye huyu. Hapo utavutiwa kigoda, na mkewe, Eliza, ataambiwa alete uji.

Kazi hiyo alifundishwa ujanani na padri mmoja mzee wa misheni, mtu wa ndevu, aliyekuwa anaandika habari za samaki wa Ziwa Nyasa lakini hana mkono wa kuchora. Padri alimkuta kijana Nazari anachora mitumbwi kwa mkaa kwenye ukuta wa shule, na badala ya kumchapa akampa kalamu ya kuchovya na wino mweusi. Akamwambia, kitu chenyewe kiwe mbele yako. Kama hakipo, weka kalamu chini. Na tena akamwambia, chora unachokiona, usichore unachokijua, maana kujua kunamfanya mtu mvivu wa macho. Nazari aliyashika maneno hayo kuliko alivyoshika katekisimu, na katekisimu aliijua yote.

Jambo jingine alifundishwa na samaki wenyewe. Vile visamaki vya miambani, ukivitoa majini bluu yake inawaka kweli kweli. Geuka ukohoe kidogo, imeanza kufifia. Kikishakufa, kimekuwa kijivu kama majivu ya jana, na hapo hata ukilia hakuna wa kukurudishia. Kwa hiyo Nazari alizoea kuanza na penseli za rangi, upesi upesi, samaki angali anahema. Mistari ya wino aliifanya baadaye, taratibu, samaki ameshakufa, kwa sababu mapezi na magamba hayaendi popote. Wachoraji wengine sijui wanafanyaje. Yeye alifanya hivyo kwa samaki wote, mbasa, kambale, hata usipa wale wadogo.

Padri aliporudi kwao Ulaya alimwachia mkebe wa bati wenye penseli za rangi, na Nazari akautunza kama watu wanavyotunza mbegu. Miaka ikapita, ile miaka ambayo duka la kijiji lilikuwa na rafu na mwenye duka tu. Penseli hazikupatikana, sabuni yenyewe ilikuwa hadithi. Nazari akawa anapaka kwa kubania, anachonga kwa wembe, vumbi la rangi analikusanya kwa kidole. Halafu zikaja zile nyakati za ruksa, biashara zikafunguliwa, na kila mwenye mguu akawa mfanyabiashara.

Salvatory naye akafungua hoteli pale njiapanda ya kwenda Liuli, banda la mabati na meza mbili, akataka picha ya kutundika ukutani: mkate na kikombe cha chai. Nazari akasema mkate uletwe. Salvatory akamwambia, Mzee, si mkate tu, nani asiyeujua mkate? Nazari akasema uletwe. Ukaletwa kutoka Mbamba Bay, ukawekwa mezani, na Nazari akakaa nao mpaka ukaota ukungu. Lile ganda la juu alilipaka kahawia juu ya kahawia, akarudia, akarudia, mpaka penseli ikabaki kipande kisichoshikika, kisha kipande chenyewe kikaisha. Watu walikuja kuuangalia mkate ule wakawa wanameza mate. Nazari alikaa pale hotelini siku nzima, amevaa koti, anasikiliza watu wakisema ndio huu. Akafurahi. Na kweli alistahili kufurahi, nani alijua?

Mwezi uliofuata Ottilia akarudi nyumbani.

Ottilia alikuwa mtoto pekee wa Nazari na Eliza aliyebaki hai. Alikuwa ameolewa huko juu Umatengoni, kwa watu wa kahawa, na mumewe Tarsisi alikuwa mtu mpole tu, asiye na neno na mtu. Tarsisi aliugua akakonda akafa, na ugonjwa wenyewe watu walikuwa hawautaji, walikuwa wanasema tu "ule". Sasa Ottilia amerudi kwa wazazi wake, mtoto mgongoni, binti mdogo anayeanza kutembea, jina lake Glorious. Eliza alimpokea mwanawe pale uani, akamshika mkono, akahisi mfupa. Aliingia jikoni akakaa na moshi wake hadi macho yakapata sababu ya kuwa mekundu.

Asubuhi moja, Nazari ameketi barazani anachonga penseli, Ottilia akatoka ndani akajilaza kwenye mkeka karibu naye.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umelalaje?"

"Nimelala." Akamwangalia Glorious anayefukuza kuku. "Baba, nichore."

Nazari akacheka. "Lini ulikubali kuchorwa wewe? Ulikuwa unakimbia kama kuku huyo."

"Sasa sikimbii." Alisema bila uchungu wowote. "Glorious hatanikumbuka. Akikua akauliza mama alikuwaje, mtamwambia nini? Mumwonyeshe."

"Utapona," Nazari akasema.

"Sawa, nitapona. We nichore tu."

Nazari akaweka wembe chini. Katika maisha yake yote alikuwa amechora samaki, majani ya muhogo, kasia, mizizi, mikono ya wavuvi, na mkate wa Salvatory. Mwanawe hakuwahi kumchora. Akasema, "Kesho asubuhi, jua likiwa upande ule."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapokasirika kila ninapoisimulia habari hii. Siku hiyo hiyo, mchana, akapita Mansuetus. Huyu alikuwa mpiga picha wa kutoka Mbinga, kijana wa baiskeli na kamera shingoni, na siku hizo alikuwa ameanza kupata mikanda ya rangi. Alikuwa anateremka ziwani akisikia kuna harusi au kipaimara. Akasimama uani, akaamkia, akaona mgonjwa, akaelewa. Ottilia akajiinua kwenye mkeka. Akaomba kitana kwa mama yake.

"Hapana," Nazari akasema. "Hiyo mashine yako inafumbua jicho mara moja, imemaliza. Huwezi kumwona mtu kwa kukonyeza. Mimi nitamwangalia."

"Mzee, mbona hatugombani," Mansuetus akasema. "Mimi napiga moja tu, na wewe unachora."

"Mwache apige, Baba Ottilia," Eliza akasema.

"Nimeshasema."

Ottilia alikuwa na kitana mkononi. Alimwangalia mama yake, akamwangalia baba yake, na kwa sababu alimpenda sana baba yake akamrudishia mama kitana. "Nenda tu, kaka," akamwambia Mansuetus. "Baba yupo." Mansuetus akapanda baiskeli yake akaenda zake. Mkanda wa rangi ulikuwamo ndani ya kamera.

Kesho yake wakaanza. Nazari alimweka Ottilia barazani, mgongo kwenye nguzo, kitenge chake cha kijani chenye maua mekundu mabegani. Akachovya kalamu. Kwa kawaida angeanza na rangi, hilo mnalijua. Lakini alipofungua mkebe akaona nafasi ya kahawia iko tupu, akasema moyoni, nitaanza na wino, kahawia nitaitafuta. Aliona ni jambo dogo tu. Binadamu si samaki.

Alichora kwa namna yake ile, anaangalia kwa muda mrefu mpaka unafikiri amesinzia, halafu anachora mstari mfupi kama unyasi, anaangalia tena. Alichora kope. Alichora kovu la kidevuni, alilolipata utotoni alipogongwa na kasia akiwa anacheza mtumbwini. Alichora mfupa wa begani uliotokeza, na hakuuficha.

"Ninenepeshe kidogo basi, Baba," Ottilia akasema. "Kidogo tu. Nani atakudai?"

"Tulia, usitikisike."

"Mashavu tu."

"Nachora ninachokiona."

Ottilia akacheka hadi akakohoa. Eliza akiwa anamenya muhogo pale uani akasema huyu mzee hata malaika akija atamwambia asitikise mabawa. Wakacheka wote watatu, na Glorious akacheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Zilikuwa asubuhi nzuri zile. Nazari mwenyewe baadaye alisema hajawahi kufurahi namna ile, na alisema kwa aibu, kama mtu aliyekula msibani akashiba.

Kila mtu aliyepita alisema jambo moja. Ndiye huyu, na ni wewe mtupu, Mzee Nazari. Pua yako, paji lako, hata hicho kidevu, kasoro kovu. Mmefanana kama shilingi kwa ya pili. Walikuwa wamesema hivyo tangu Ottilia azaliwe, na Nazari alizoea kulisikia kama mtu anavyozoea jina lake.

Wino ulipokamilika akakipaka kitenge. Kijani kilikuwapo, nyekundu ilikuwapo, manjano nayo. Kitenge kikawaka kwenye karatasi hadi ungedhani ukikigusa utasikia wanga wa kitambaa kipya. Akampa Ottilia aangalie. Ottilia akashika karatasi kwa mikono miwili, akaangalia muda mrefu.

"Ndiye mimi," akasema. Nazari akavuta pumzi. Halafu Ottilia akatabasamu. "Ila umeniacha mweupe, Baba. Mwanangu ataambiwa mama yake alikuwa mzungu."

"Kahawia imekwisha."

"Imekwenda wapi?"

Nazari akageukia mkebe. Eliza ndiye aliyejibu, akiwa ameinama kwenye muhogo wake. "Kwenye mkate."

Jioni ile, Ottilia ameshaingia ndani kupumzika, Nazari alijaribu. Pembeni kabisa mwa karatasi ile ile, kwenye ukingo, alipaka kijani kidogo, juu yake akapitisha nyekundu, na manjano kwa mbali. Ikatoka rangi. Akanyoosha mkono wake mwenyewe kando ya karatasi akalinganisha. Hapana, haikuwa yenyewe, ilikuwa inaelekea kwenye wekundu, haina uzito. Eliza akapita na ndoo ya maji, akatupa jicho.

"Hiyo hiyo," akasema.

"Hiyo hiyo nini? Hebu angalia." Akamwonyesha mkono wake.

"Mimi nimeona hiyo hiyo. Mpake mtoto."

"Wewe unajua nini habari za rangi?"

Kutoka ndani Ottilia akasema, sauti ndogo lakini inasikika vizuri, "Baba, kama Mama ameona inafaa, inatosha. Malizia tu kesho."

Lakini Nazari alikuwa Nazari. Asubuhi akavaa koti, akatia mkebe mfukoni, akasema anapanda Mbinga. Siku hizi Mbinga kila kitu kipo, akasema, wanunuzi wa kahawa wamejaa mji mzima na maduka yamefuata, penseli moja ya kahawia haiwezi kukosa. Ottilia alikuwa mkekani. Akamshika baba yake pindo la koti.

"Si lazima, Baba. Kaa."

"Nakwenda na kurudi."

"Kaa tu hapa. Mimi weupe nimeshauzoea."

Alikuwa anatania. Nazari akaona anatania, akamgusa kichwani, akaondoka. Alikuwa hajafika kwa Salvatory akasikia nafsi inamwambia rudi, akaiambia nyamaza. Watu wa kazi ndivyo tulivyo. Tunaipenda kazi mpaka tunamsahau yule tunayemfanyia, na tukiulizwa tunasema ni kwa ajili yake.

Akapata lori la dagaa mpaka Mbamba Bay, na jingine la kupanda milima. Mbinga ilimchanganya. Aliwahi kuijua ikiwa na maduka ya kupanga foleni, sasa kuna redio zinaimba kila kibaraza, ndoo za plastiki zimening'inia kama matunda, mitumba imelundikwa barabarani, na wakulima wa kahawa, matope mpaka magotini, wanajaribu viatu vya watu wa Ulaya. Penseli za rangi zilikuwapo, tena nyingi, ndani ya paketi zenye picha ya paka. Nazari alikaa dukani akafungua moja baada ya nyingine. Kahawia ya kwanza ilikuwa nta tupu, inateleza juu ya karatasi. Ya pili ilikuwa ya machungwa inayojisingizia. Binti muuza duka, Beata, alimvumilia sana.

"Mzee, kahawia si kahawia?"

"Nataka ya mtu."

"Mtu gani?"

Nazari akafumba macho ili amwone Ottilia. Akamwona, mzima mzima, kope, kovu, mfupa wa bega, kitenge cha kijani. Lakini usoni akamwona mweupe wa karatasi. Akajaribu tena, akapata wino tu. Amemwangalia asubuhi ngapi zile, na alichokichukua ni mistari peke yake, maana mistari ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Akatoka kijasho. Halafu akakumbuka wanavyosema watu wote, ni wewe mtupu, akatulia. Akakunja mkono wa koti, akaweka kiganja chake juu ya meza ya duka.

"Kama hii," akamwambia Beata. "Ni mwanangu, tumefanana."

Beata akaangalia mkono, akaangalia penseli zake. Akasema kuna mzigo mwingine unakuja kesho kutoka Songea, penseli nzuri za wachora ramani, kama anaweza kungoja. Nazari akangoja. Alilala kwa mtu wa kanisani kwao, na kesho yake mchana mzigo ukafika, na ndani yake kulikuwa na kahawia nzito, nyeusi nyeusi, laini, inayoshika karatasi vizuri. Akaipaka kwenye kipande cha gazeti, akaweka mkono kando. Ilikuwa mkono wake hasa, ngozi na rangi havikuachana hata kidogo. Akamshukuru Beata mpaka binti akaona haya.

Basi mvua ikanyesha, mvua ya mlimani, isiyo na adabu. Lori likateleza katika ile miteremko likalala ubavu kwenye mfereji, hakuna aliyeumia, lakini ndiyo likawa limelala. Nazari akalala kwenye banda la watu wa barabara akiwa ameishika penseli ndani ya koti isipate maji. Kulipopambazuka akaanza kushuka kwa miguu. Alitembea siku mbili, mbio kwa umri wake, na njiani alikuwa anapanga: nitaanza na paji, halafu mashavu, kovu nitalipaka mwisho kwa mkono mwepesi.

Alipofika njiapanda, Salvatory alikuwa amesimama mlangoni mwa hoteli yake. Hakumwita ndani. Alivua kofia.

"Pole sana, Mzee Nazari," akasema.

Nazari akamwuliza pole ya nini. Nyuma ya Salvatory, ukutani, mkate ulikuwa unang'aa.

Walikuwa wamemzika jana yake. Walimngoja. Padri aliahirisha mara ya kwanza, akaahirisha tena, na lile joto la ziwani halingoji mtu, mwisho wazee wakasema mtoto asidhalilike, azikwe. Baba hakuwapo kutupa udongo, akatupa mjomba. Nazari alikuta uani kwake kumejaa wanawake wamekaa chini, na Eliza katikati yao, kichwa kimefungwa kitambaa. Eliza hakumlaumu. Alimwambia tu yaliyotokea, kwa sauti iliyochoka.

"Aliuliza kama umerudi. Nikamwambia uko njiani." Akafuta uso. "Sikujua uko wapi. Nilimwambia tu."

Nazari akakaa pale pale kwenye vumbi, na koti lake, na penseli yake, akalia kama wanavyolia wanawake, kwa sauti, bila kujificha, na wanaume wakamwacha alie.

Matanga yakaisha, watu wakarudi kwenye nyavu zao na mihogo yao. Nazari akawa anatoa picha kila asubuhi, jua likiwa upande ule, anaiweka kwenye kibao, anachonga ile kahawia ya Mbinga, halafu anaangalia nguzo ya baraza. Kwenye nguzo hakuna mtu. Kitu chenyewe kiwe mbele yako. Kama hakipo, weka kalamu chini. Anaweka chini. Kesho anaitoa tena. Mtu aliyepaka rangi mamia ya samaki kabla hawajafa, kwa mwanawe wa kumzaa alianza na mistari. Alijisemea jambo hilo mpaka likawa linamjia hata akiwa anakunywa maji.

Siku moja Glorious akaja akasimama kando ya goti lake. Nazari akaishusha picha ili mtoto aone.

"Nani huyu?" akamwuliza taratibu.

Mtoto akaiangalia. Uso ule mweupe wa wino aliupita tu. Akaweka kidole kwenye kitenge, kwenye ua jekundu. "Mama," akasema, na akageuka akamkimbilia bibi yake, maana Eliza ndiye aliyekuwa amekivaa kitenge chenyewe siku hizo, ndicho alichokuwa anambebea. Akakishika pindo akajifunika nacho usoni.

Eliza alikuwa ameona yote. Akamwinua mtoto akamfunga mgongoni, akaja barazani, akakaa pale kwenye nguzo. Akanyoosha mkono wake mtupu, akaulaza juu ya kibao, kando ya picha.

"Paka," akasema.

"Mama Ottilia, siwezi. Sina ninachokiona."

"Si unaona huu? Ametoka humu. Paka."

Nazari akachukua kahawia ya Mbinga. Akaisogeza kwenye mkono wa mkewe kulinganisha, kama desturi yake, na mkono wake ukasimama hewani. Haikuwa yenyewe. Ilikuwa nyeusi mno. Mkono wa Eliza ulikuwa maji ya kunde, una wekundu kwa mbali, mwepesi, na ghafla akamwona Ottilia, akamwona pale pale kwenye nguzo na kitana mkononi, na rangi yake yote, shingo, mashavu, vidole vilivyoshika pindo la koti. Sura ilikuwa ya baba. Rangi ilikuwa ya mama, tangu siku aliyozaliwa, na alikuwa amekaa mbele yake asubuhi zote zile.

Aliivuta karatasi mpaka ukingo wake ukagusa mkono wa Eliza. Pale pembeni, kile kipande cha nyekundu juu ya kijani, alichokipaka jioni ile kabla ya safari, kililala kwenye ngozi ya mkewe na hungeona kinapoishia.

"Ulisema hiyo hiyo," Nazari akasema.

"Nilisema."

"Na yeye alisema inatosha."

"Alisema." Eliza alikuwa anaangalia ziwani. "Alitaka ukae, Baba Ottilia. Rangi alikuwa hana shida nayo."

Maneno hayo aliyasema bila ukali, na ndiyo yaliyommaliza. Nazari akaiweka penseli ya Mbinga sakafuni, ikabingirika ikadondoka uani, hakuifuata. Akafungua mkebe wa padri. Akatoa kijani, akatoa nyekundu, akachonga kwa wembe. Akaanza na paji, kijani kwanza, kwa mkono mwepesi, anaangalia mkono wa Eliza kwa muda mrefu, anapaka kidogo, anaangalia tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na aligeuza uso pembeni, maana wino ule ukidondokewa na maji unakimbia.

"Usitikisike," akasema, kwa mazoea.

"Sitikisiki," Eliza akamwambia. "Unaotikisika ni mkono wako huo."

Akanyoosha pindo la kitenge kwa mkono wake mwingine, akamfuta mumewe uso, na Nazari akaendelea kupaka mashavu.